Mama si shamba tu: uganga wa India mbele ya afya ya wanawake

Kila mara tukiandika juu ya dawa za wazee, tunaangukia upande mmoja kati ya mbili. Wengine wanasifu vyote: ya wazee yalikuwa mema, ya kisasa yamekuja kuharibu. Wengine wanatupa vyote: ya wazee ni giza, tuyasahau. Pande zote mbili zinamsahau mtu mmoja, naye ni mama mwenyewe, yule anayekunywa ile dawa, anayefungwa tumbo, anayekatazwa chakula. Nani amemuuliza yeye anasikia namna gani?

Katika kurasa hizi tutaangalia mila ya mbali, ya India, kwa sababu mbili. Kwanza, uganga wa kule, unaoitwa Ayurveda, umeandikwa katika vitabu tangu karibu miaka elfu mbili. Mtu anaweza kufungua kitabu, akasoma, akabisha, bila kujificha nyuma ya maneno "wazee njo walisema vile". Pili, mwanzoni mwa karne ya 20 alitokea kule munganga mwanamke, Yashoda Devi wa mji wa Allahabad, ambaye alifungua nyumba ya dawa kwa ajili ya wanawake na akaandika vitabu vingi juu ya maisha yao. Yeye anatusaidia kupima mila kutoka ndani, maana hakuwa mgeni aliyekuja kuicheka. Hatusemi watu wa kwetu waache dawa zao wachukue za Wahindi. Tunasema tu kwamba ukiona uzuri na ubaya katika nyumba ya mwingine, macho yako yanafunguka kidogo ukirudi kwako.

Inafaa tueleze kwanza mambo ya msingi. Ayurveda maana yake ni elimu ya maisha. Inafundisha kwamba mwili unaongozwa na nguvu tatu: vata, ambayo ni upepo na mwendo; pitta, ambayo ni moto na nyongo; na kapha, ambayo ni maji na uzito. Zikikaa sawasawa, mtu ni mzima. Moja ikizidi au ikipotea njia, ugonjwa unaingia. Kwa hiyo munganga haangalii tu fasi inayouma. Anauliza mgonjwa anakula nini, analala saa ngapi, choo chake ni namna gani, ana huzuni gani, ni majira gani ya mwaka. Vitabu viwili vikubwa ni kile kinachotajwa kwa jina la Charaka na kile cha Sushruta, vyote katika lugha ya Sanskrit.

Sasa tuangalie wanawake waliwekwa wapi. Ayurveda ina matawi 8: tiba ya mwili mzima, upasuaji, magonjwa ya kichwa, macho na masikio, sumu, na mengine. Hakuna tawi la wanawake. Mambo ya mimba, kuzaa na magonjwa ya tumbo la uzazi yaliingizwa ndani ya tawi la watoto. Msomaji anaweza kusema: hiyo ni namna ya kupanga tu. Mimi naona inatuonyesha mapema jambo tutakalokutana nalo mbele: mama anatazamwa kwa sababu ya mtoto.

Lakini tusiharakishe kuhukumu. Ndani ya tawi hilo kuna hekima ambayo hopitali nyingi za leo zingefaa kuisoma. Kitabu cha Charaka kinahesabu magonjwa 20 ya sehemu za uzazi za mwanamke, na kinaeleza hedhi iliyo nzuri ni ipi: inakuja kila mwezi, haina utelezi, haichomi, haina maumivu, inaendelea usiku tano, si nyingi sana wala si kidogo sana. Angalia neno "haina maumivu". Ni wasichana wangapi, kule India na hapa kwetu, wanalia kwa tumbo kila mwezi na wanajibiwa "vumilia, njo vile wanawake wako"? Kitabu cha zamani hakikubali jibu hilo. Kinasema maumivu ni alama ya kwamba kuna kitu, na munganga sherti atafute.

Vilevile juu ya kuzaa. Charaka anaagiza nyumba ya kuzalia itengenezwe mbele ya mwezi wa 9, iwe na vifaa vyote. Ndani yake wakae wanawake waliozaa mara nyingi, wapole, wenye huruma, wenye kujua kazi, wasio na huzuni. Tena wamwonye mama asisukume wakati uchungu haujafika, kwa maana anayesukuma mbele ya wakati anajichosha bure na anaweza kujiumiza. Mkunga yeyote wa materinite ya leo atatikisa kichwa na kusema: kweli kabisa. Kiisha kuzaa, mama anapakwa mafuta, anafungwa tumbo kwa kitambaa kirefu, anapewa uji mwepesi, anapumzishwa majuma mengi bila kazi nzito. Hapa bamama wa kwetu watacheka: "Hata sisi tunafunga tumbo na kitenge!" Ndiyo. Watu wa mbali wamefikia desturi zilizo karibu sawa, kwa kuwa wote waliona kwamba mwili uliotoka kuzaa ni mwili uliochoka, na haufai kurudishwa kwenye mzigo siku ya pili.

Kama tungeishia hapo, tungeandika sifa kama wengine. Sasa tufungue ukurasa mwingine.

Kitabu cha Sushruta kinafundisha kwamba mimba inahitaji mambo 4: majira, shamba, maji na mbegu. Majira ni siku zinazofaa, maji ni chakula kinacholisha mimba, mbegu ndiyo asili ya mtoto. Na shamba? Shamba ni tumbo la mama. Ni mfano mzuri, na mkulima yeyote anausikia mara moja. Lakini mfano unavuta mawazo nyuma yake. Shamba halina sauti. Shamba linapaliliwa na kutiwa mbolea kwa ajili ya mavuno. Lisipotoa mazao, wanasema ni baya. Na shamba lina mwenyewe, ambaye si lenyewe.

Matokeo yake yanaonekana katika sheria za hedhi. Kitabu hicho hicho kinaagiza mwanamke aliye katika siku zake tatu za kwanza alale juu ya mkeka wa majani, ale chakula kidogo, asikaribie mume, asioge, asijipambe. Mtu anaweza kutetea hayo kwa kusema ni mapumziko. Pengine ilikuwa hivyo kwa wengine, maana siku tatu bila kazi si kitu kidogo. Lakini soma sababu zinazotolewa. Akilala mchana, mtoto atakayechukuliwa mimba atakuwa mwenye usingizi. Akilia, mtoto ataharibika macho. Akikata kucha, mtoto atakuwa na kucha mbaya. Akichana nywele, mtoto atakuwa na upara. Akicheka, meno na midomo ya mtoto itakuwa myeusi. Hakuna sababu hata moja katika hizo inayosema: kwa kuwa yeye amechoka. Na mtoto akizaliwa na kilema, kosa liko tayari: bila shaka mama alilia, bila shaka mama alicheka. Baba hakuandikiwa orodha kama hiyo.

Hata sheria iliyo nzuri kuliko zote imeingia katika mtego huo. Sushruta anasema katika mwezi wa 4 moyo wa mtoto unaanza kufanya kazi, basi mama anaitwa mwenye mioyo miwili, na anachotamani sherti apewe. Ni maneno ya kupendeza sana. Ni wanaume wangapi wanaojua kwamba mke mwenye mimba ana haki ya kutamani? Lakini endelea kusoma: akinyimwa, mtoto atazaliwa na kibyongo au kiwete. Yaani mama anapewa kwa sababu ya hofu ya kilema cha mtoto. Kwamba yeye naye ni mtu mwenye tamaa zake na furaha yake, kitabu hakioni haja ya kulisema.

Hapo ndipo tunamhitaji Yashoda Devi. Alizaliwa mwaka 1890, akafundishwa uganga na baba yake, na karibu mwaka 1908 alifungua Allahabad nyumba ya dawa ya wanawake. Wakati ule Waingereza ndio waliotawala India. Wanawake wengi wa jamaa zenye heshima walikaa ndani, hawakuonyesha mwili kwa munganga mwanamume, awe mzungu au Mhindi. Tangu mwaka 1885 kulikuwa na mfuko ulioanzishwa na Lady Dufferin, mke wa mkubwa wa serikali ya kikoloni, kwa kuleta wanganga wanawake wenye masomo ya Kizungu. Yashoda Devi alichukua njia nyingine. Alibaki katika Ayurveda, akaandika kwa lugha ya Kihindi ambayo mwanamke aliyesoma kidogo aliweza kuifuata, na akapokea wagonjwa pamoja na barua zao. Mwanahistoria Charu Gupta, katika makala yake ya mwaka 2005, ndiye aliyemtoa katika usahaulifu, maana Yashoda Devi alifariki mwaka 1942 na vitabu vyake vilikuwa vimeachwa kama vitabu vya sokoni.

Upya wake ni nini? Hakuvumbua dawa ya ajabu. Majani, mizizi, maziwa, siagi iliyoyeyushwa, yote yalikuwa ya zamani. Aliandika hata kitabu kikubwa cha mapishi, kwa maana kwake jiko lilikuwa duka la dawa la kwanza, na mwanamke mwenye kujua chakula alikuwa tayari nusu munganga. Upya wake ulikuwa katika kusikiliza. Wanawake walimweleza mambo ambayo hawakuweza kumwambia mtu mwingine: damu isiyokoma, maumivu ya ndoa, kukosa mtoto na matusi yanayofuata. Na kwa kusikiliza, aliona ugonjwa ambao haukuwamo katika orodha ya magonjwa 20. Aliandika wazi kwamba wanawake wengi wanaugua kwa sababu ya waume wasiojua mwili wa mke, wanaomlazimisha wakati hataki au wakati mwili wake haujapona. Kwa maneno mengine, munganga huyu aliandika jina la mume katika sababu za ugonjwa. Katika mwanzo wa karne ya 20, kwa lugha ya watu wote, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Hapa njo tunaona kitu cha kujifunza. Mila ilikuwa na maulizo mengi kwa mgonjwa: unakula nini, unalala namna gani? Yashoda Devi aliongeza ulizo moja: nyumbani wanakutendea namna gani? Na ulizo hilo moja liligeuza shamba kuwa mtu.

Lakini haifai tumfanye mtakatifu. Yeye pia alikuwa mtu wa zamani zake. Kwake mwanamke mzima ni mke mwema na mama mwema. Nje ya ndoa hakuona afya, aliona upotovu tu. Alihubiri sana kujizuia, na mambo mengi ya mwili aliyaita hatari kwa sababu ya maadili, si kwa sababu alikuwa ameyapima. Jiko aliloliita duka la dawa lilibaki pia gereza dogo: kama afya ya nyumba yote iko mikononi mwa mama, basi mtu yeyote akiugua, lawama inarudi kwa mama. Alifungua mlango mmoja na akaacha mwingine umefungwa. Tunamheshimu zaidi tukisema yote mawili.

Na leo? India haikuiacha Ayurveda kwa wazee wa vijiji. Mwanafunzi anaisoma chuoni miaka 4 na nusu, kiisha mwaka 1 wa mazoezi, na uzazi pamoja na magonjwa ya wanawake ni somo kamili lenye walimu wake. Mwaka 2014 serikali iliunda wizara nzima kwa ajili ya Ayurveda, yoga na tiba nyingine za namna hiyo. Ni heshima ambayo waganga wetu wa jadi wangeifurahia. Lakini heshima ya serikali haifuti maulizo.

Tuchukue mambo matatu. La kwanza ni chakula. Mwaka 2017 baraza moja chini ya wizara hiyo, linaloshughulika na yoga na tiba za asili, lilitoa kijitabu kwa akina mama wenye mimba. Kiliwashauri waepuke nyama, waepuke hasira na tamaa, watundike picha nzuri chumbani. Wanganga wengi wa hopitali walipinga, na walikuwa na haki. Uchunguzi mkubwa wa afya wa India wa miaka 2019 hadi 2021 ulionyesha kwamba asilimia 57 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Mwanamke asiye na damu ya kutosha anahitaji chakula chenye nguvu. Kumnyima chakula kwa jina la usafi ni kumtia hatarini siku ya kuzaa. Na sisi tusicheke. Fasi mbalimbali za kwetu mama mwenye mimba amekatazwa mayai, au nyama fulani, au samaki fulani, na mara nyingi kile kinachokatazwa mama kinaonekana kwenye sahani ya baba.

La pili ni usalama wa dawa yenyewe. Watu wanapenda kusema: "Dawa ya miti haiui." Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la Boston, wakakuta 14 kati yake zina risasi, zebaki au aseniki. Na katika miaka ya 2011 na 2012, idara ya afya ya New York iliwapata wanawake 6 wenye mimba waliokuwa na sumu ya risasi mwilini baada ya kunywa dawa za namna hiyo. Risasi inapita kwa mama na kumfikia mtoto tumboni. Tuelewane: si dawa zote. Mzizi wa shatavari unaopewa mama anayenyonyesha, au ganda la mti wa ashoka linalopewa mwenye damu nyingi, havina lawama hiyo peke yake, ingawa majaribio yaliyofanywa juu yake bado ni madogo. Lakini mila yenye kujipenda inapima dawa yake mbele ya kuiuza, hasa kwa mwenye mimba.

La tatu ni mipaka. Nyumba ya kuzalia ya Charaka ilikuwa na huruma, lakini haikuwa na damu ya kuongezea mama anayetokwa damu. Kwa miaka 2005 na 2006, karibu watoto 39 kati ya 100 India walizaliwa hopitalini au materinite. Kwa miaka 2019 hadi 2021 wamefika karibu 89. Katika muda huohuo vifo vya akina mama katika uzazi vimepungua sana: hesabu ya miaka 2018 hadi 2020 ilikuwa vifo 97 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa wazima. Hopitali si sababu pekee ya kupungua huko, lakini hakuna mafuta ya kupaka yanayoweza kufanya kazi yake mama akitokwa na damu nyingi.

Basi tuseme nini mwishoni? Nafikiri uganga wa wanawake, wa India, wa kwetu au wa hopitali, sherti upimwe kwa ulizo moja kabla ya mengine: je, sheria hii imewekwa kwa ajili ya mama, au kwa ajili ya kitu kinachotoka kwake? Kupumzisha mzazi ni kwa ajili yake: tukulinde. Kusema hedhi yenye maumivu makali ni ugonjwa, ni kwa ajili yake: tukulinde pia. Kumkataza kulia, kumkataza mayai, kumlaumu kwa kilema cha mtoto, hayo si tiba. Ni utawala uliovaa koti la munganga. Na hopitali isijione safi: materinite ambamo mzazi anatukanwa wakati wa uchungu, au anazuiliwa kurudi nyumbani kwa sababu bei haijalipwa, nayo pia imemfanya mama kuwa shamba.

Wazee wetu walisema: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Tumezoea kutaja methali hii kwa kuwasifu mama zetu siku za sikukuu, tukipiga makofi. Ingefaa tuichukue kwa uzito zaidi: kama yeye ndiye anayeujua uchungu, basi yeye ndiye mwalimu wa kwanza katika jambo hili. Wale kati yetu wanaokusanya dawa za jadi katika vijiji, wakiandika majina ya miti na namna ya kuitwanga, waandike pia maneno ya wanawake waliozinywa: ilinisaidia, haikunisaidia, iliniumiza, nililazimishwa. Yashoda Devi alifanya hivyo kwa barua na kalamu tu, na mpaka leo maneno yake yanasomwa.